Mafuta ya Mama Karai Yanapanda Ndege

Benchi letu ni ubao uliotolewa kwenye bodi ya lori lililokufa. Umeegemezwa ukuta wa duka la fotokopi, na miguu yake ni matofali manne, pamoja na la tano la kuzibia mahali ubao ulipopinda. Kulia kuna nguzo ya umeme. Kushoto niko mimi na cherehani yangu ya viatu, ndiyo maana wananiita Soli. Ng'ambo ya barabara kuna karai la chipsi, na juu ya vichwa vyetu kuna njia ya ndege. Zinashuka kuelekea uwanjani zikiwa chini kiasi kwamba tumezoea kukata sentensi katikati, tukasubiri mngurumo upite, kisha tukaendelea na neno lile lile. Wageni hudhani tuna adabu.

Asubuhi hiyo, saa tatu hivi, tulikuwepo wanne. Tangi, mzee aliyejaza mafuta kwenye ndege kwa miaka thelathini na mmoja mpaka akastaafu, na ambaye hadi leo likijazwa gari lolote karibu naye huinamisha sikio kusikiliza. Dili, dalali wa nyumba, viwanja na pikipiki, aliyewahi kuuza mlango ambao nyuma yake watu walikuwa bado wamelala. Birika, muuza kahawa, aliyeacha kutembeza kahawa baada ya kugundua kwamba wateja wake wote wamekaa sehemu moja. Na mimi. Wa tano akatoka dukani mwake ameshika karatasi bado ina joto la mashine. Huyo ni Profesa. Chuo kikuu hajakifikia hata kwa kuuliza njia, lakini husoma kila karatasi anayoitolea nakala, kwa hiyo anajua mwanzo wa kila jambo na mwisho wa machache.

Profesa: Jamani, mmesikia? Chipsi za mtaa huu zinakwenda mbinguni.

Dili: Nani kafa?

Profesa: Hajafa mtu! Mama Karai kaniletea fomu nimtolee nakala. Kuna kampuni inakusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia. Jana binti mmoja na pikapu yake kawapitia wakaangaji wote. Wanayapeleka kiwandani, yanachujwa, yanageuzwa, yanakuwa mafuta ya ndege.

Birika: Ndege gani? Kuku?

Profesa: Ndege! Hii ya kupanda! (Akanyoosha kidole juu. Kwa bahati mbaya hapakuwa na ndege, kidole kikamwangukia kunguru.)

Tangi: Profesa, nakuheshimu, lakini hapo umeingia kwenye nyumba yangu bila kubisha hodi. Miaka thelathini na mmoja nimezijaza mimi, kwa mikono hii. Sijawahi kukutana na ndege inayoomba chumvi.

Profesa: Mzee wangu, imeandikwa. Sikiliza. Mafuta ya kawaida yanachimbwa ardhini, kweli si kweli?

Tangi: Kweli.

Profesa: Kwa hiyo moshi wake ulikuwa umezikwa chini huko, umepumzika. Sisi tumeufukua, tumeuachia angani, na dunia inazidi kuchemka. Lakini mafuta ya kupikia yametoka kwenye mmea, na mmea ulipokuwa unakua uliivuta hewa hiyo hiyo. Ukiyachoma, moshi unarudi ulikotoka. Hauongezi mgeni nyumbani.

Dili: Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Profesa: Haswa! Leo umepatia.

Dili: Ndiyo maana ndege ikienda, lazima irudi.

Profesa: Umekosea tena.

Birika akawamiminia kahawa, na hapo ndipo akili zilipoanza kuchemka kuliko birika lenyewe.

Dili: Mimi swali langu ni moja. Harufu. Ndege ikipita juu ya mji inanuka chipsi, watu watafanyaje kazi?

Tangi: Usicheke, hilo ni jambo la kitaalamu. Ndege kubwa ina injini mbili, zote zinapulizia nyuma. Ikipaa saa sita mchana, wilaya nzima inapata njaa kwa mkupuo.

Birika: Na kunguru?

Tangi: Kunguru ndiyo hatari yenyewe! Watapanga mstari nyuma yake kama wanasindikiza bi harusi.

Dili: Na ikiwa karai lilikaangia samaki?

Hapo Tangi akaweka kikombe chini, akafikiri kwa dhati.

Tangi: Ya samaki mimi nisingeijaza. Inaweza kuona bahari ikakumbuka kwao.

Nilijichoma sindano kwa kucheka. Dili alikuwa anagonga ubao, Birika anafuta machozi kwa kitambaa cha kushikia birika, na Profesa anapunga karatasi kama mwamuzi aliyepotelewa na filimbi.

Profesa: Tulieni! Nimesoma kurasa tatu. Si karai peke yake. Wanatengeneza hata kwa mabua ya shambani, kwa mbao chakavu, kwa takataka za majumbani.

Birika: Hata mashapo ya kahawa?

Profesa: Hayakutajwa, ila siwezi kuyakana.

Birika: Basi na mimi nimo. Ndege ya kahawa hailali njiani.

Profesa: Subirini, kubwa zaidi ni hili. Wapo wanaouchukua moshi wenyewe, ule ule moshi, wanauchanganya na kitu walichokitoa kwenye maji kwa nguvu ya umeme, wanapata mafuta ya ndege.

Tukatazamana.

Dili: Yaani ndege inakunywa moshi wake?

Profesa: Kama umeme ni wa jua au wa upepo, ndiyo.

Hapo tukamkatalia kwa kauli moja. Tulikuwa tumekubali kunguru wasindikizaji, tumekubali ndege inayokumbuka bahari, lakini hilo la moshi, ambalo lilikuwa limepigwa chapa na kuwekwa namba ya ukurasa, lilitushinda kumeza. Tangi alimwambia aache kusoma akiwa na njaa.

Tangi: Na ukurasa wa nne unasemaje?

Profesa: Ukurasa wa nne karatasi ilikwama.

Dili, ambaye akiona jambo lolote huliuliza bei, alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole.

Dili: Mzee Tangi, ndege kubwa ya safari ndefu inakunywa lita ngapi?

Tangi: Inategemea mzigo na masafa. Ila ukiniambia laki moja sitabisha. Na zipo zinazopita hapo.

Dili: Laki moja! Na Mama Karai kwa wiki anabakiza kiasi gani?

Mimi: Dumu moja la lita tano. Namwona kila Jumamosi akilijaza.

Profesa akageuza karatasi, akatoa kalamu sikioni, akapiga hesabu nyuma ya fomu. Akaifuta. Akapiga tena.

Profesa: Wiki elfu ishirini.

Birika: Hiyo ni miaka mingapi?

Profesa: Mia tatu themanini na minne, na ushee.

Birika: Kwenda na kurudi?

Profesa: Kwenda tu.

Dili: Abiria watazeekea kwenye foleni ya kukaguliwa mabegi!

Profesa: Lakini haba na haba hujaza kibaba, Dili.

Tangi: Kibaba, sawa. Waliotunga methali hiyo hawakuwahi kuona bawa la ndege kwa ndani.

Dili alisimama. Akishasimama, ujue biashara imezaliwa.

Dili: Basi dawa ni kuongeza makarai. Makarai elfu ishirini, ndege moja kila wiki! Kila nyumba ikaange. Harusi, chipsi. Msiba, chipsi. Mtoto akifaulu mtihani, chipsi; akifeli, mara mbili. Mtu akikutwa anakula cha kuchemsha, aulizwe: wewe unataka dunia iungue?

Birika: Na presha?

Dili: Madaktari watasema mgonjwa huyu amejitoa kwa ajili ya hewa safi.

Tangi alikuwa amelala kwenye nguzo ya umeme kwa kucheka. Dili akainama, akashusha sauti.

Dili: Au kuna njia fupi. Unachukua mafuta mapya kabisa ya dukani. Unatumbukiza kiazi kimoja. Unakitoa. Tayari yamekwisha kukaangia! Nani atajua? Ukiona dumu halijai, unaongeza kikombe cha maji.

Birika: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Dili: Umeona? Hata wahenga waliruhusu.

Kicheko cha Tangi kilikatika. Sijui kama nyinyi mmewahi kuona mtu akibadilika uso kama mwenye duka anayeshusha shata la mlango. Akakaa sawa, akavuta kofia yake.

Tangi: Maji usiyataje.

Dili: Mzee, natania.

Tangi: Najua. Ndiyo nakwambia kwa upole. Kila asubuhi, miaka yote ile, kabla ya kujaza ndege yoyote, nilikuwa natoa mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, nayainua kwenye mwanga. Nayatazama. Mvua inyeshe, rubani apige kelele amechelewa, bosi aje juu. Nayatazama kwanza. Gari likizimika unaegesha pembeni, unafungua boneti. Huko juu pembeni hakuna. Na hilo la mafuta mapya ni wizi mbaya zaidi: utakuwa umekata msitu ili upande mashamba mapya ya mimea ya mafuta, halafu unajiita mwokozi wa hewa.

Dili akakaa. Alikunywa kahawa ambayo ilikuwa imeisha kikombeni.

Ndipo tukamwona Mama Karai anavuka barabara. Yeye huwa haachi moto wake saa za asubuhi; mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, ambaye hata salamu huzijibu akigeuza viazi. Leo karai lilikuwa limefunikwa. Alikuwa na ile fomu yenyewe mkononi, kona moja imelowa mafuta ikawa kama dirisha.

Mama Karai: Nimewasikia toka ng'ambo mnacheka. Nichekesheni na mimi, maana sijalala.

Tangi: Kuna nini, mama?

Mama Karai: Binti wa madumu anarudi saa nne kuchukua jibu. Wengine wote wanangoja mimi nisaini ndiyo wasaini, eti ndimi mkubwa wao. Na masharti ni mazuri tu. Madumu manne ya machafu, wao wananipa moja la mafuta mapya. Lakini hapa, Profesa, soma hapa.

Profesa: "Mafuta yote yaliyotumika yakabidhiwe. Yasigawiwe wala kuuzwa kwa matumizi ya kukaangia tena."

Mama Karai: Umesikia? Sasa Wifi atakaangia nini? Machozi?

Wifi ni mjane wa kaka yake. Mama Karai anamwita wifi kwa haki ya undugu. Sisi wengine tumemwita hivyo kwa kurithi, mpaka mtaa mzima umekuwa na wifi mmoja. Anakaanga vitumbua na mihogo mwisho wa mtaa, chini ya bati lililoegeshwa kwenye ukuta wa nyumba yake.

Mama Karai: Kaka yangu alinishika mkono hospitalini. Aliniambia, dada, usimwache. Sikuwa na cha kumpa. Nilikuwa na mafuta. Mwaka mzima na ushee sasa, kila Jumamosi, nayachuja kwa kitambaa mara mbili, napeleka. Hajawahi kukosa. Yeye huyapokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Leo nimwambie nini? Kwamba ndege ina njaa kuliko wewe?

Birika alimmiminia kikombe, naye akakishika tu.

Profesa: Labda ungewaambia waruhusu dumu moja kati ya...

Mama Karai: Nimemuuliza. Amesema mafuta yaliyokaangiwa na kukaangiwa tena yanaumiza watu, ndiyo maana ya sharti. Naye amesema kweli. Mimi mwenyewe nikiyaona mwisho wa wiki, yameiva mpaka yamekuwa na rangi ya kahawa hii. Na nampelekea mke wa kaka yangu! Hilo nalo limeniwasha usiku kucha.

Alikuwa hajamaliza, Wifi akatokea. Mwembamba, mrefu, aproni ya maua, anatembea kwa kasi ya mtu aliyejisukuma mwenyewe kutoka nyumbani. Alipomwona Mama Karai amekaa nasi, alisita, kisha akaja mpaka mbele ya benchi.

Mama Karai: Wifi yangu, kaa. Nina neno.

Wifi: Sikai, wifi. Nikikaa sitasema.

Mama Karai: Nianze mimi, maana ni zito.

Wifi: La kwangu zito zaidi. Nimesikia watu wa madumu wanapita nyumba kwa nyumba. Watafika kwangu, wataona, na utasikia kwa watu. Bora usikie kwangu.

Mama Karai: Wataona nini?

Wifi alitazama viatu nilivyokuwa nashona kana kwamba jibu lilikuwa kwenye soli.

Wifi: Mafuta yako sikaangii.

Mama Karai: Hukaangii?

Wifi: Nilikaangia wiki ya kwanza. Watoto walikohoa, vitumbua vikatoka vyeusi, mteja mmoja akaniuliza kama ni vya makaa. Nikasema nikuambie. Ikawa Jumamosi, ukaja umelowa mvua, dumu umelifunika kwa kanga yako mwenyewe lisiingie maji. Nitakwambiaje? Nikapokea. Jumamosi nyingine nikapokea. Mimi nanunua mapya, kachupa kadogo kadogo.

Mama Karai: Na yangu unayamwaga?

Wifi: Nilimwaga mara moja, mtaro ukaziba, majirani nusura wanile. Tangu hapo nayaweka. Yako yote yapo, nyuma ya nyumba. Pipa limejaa. Baada ya pipa, nikaanza kuyaacha kwenye madumu yale yale unayoletea.

Mama Karai alikuwa amefungua mdomo na haukufunga. Nilidhani atalia. Nilidhani atamzaba kibao. Mabega yakaanza kutikisika kwanza, kisha tumbo, kisha benchi zima, na tofali la tano likachomoka.

Mama Karai: Mwaka mzima! Mwaka mzima nayachuja mara mbili!

Wifi: Na mimi mwaka mzima napiga goti!

Mama Karai: Goti la uongo!

Wifi: Goti lilikuwa la kweli, wifi! Mafuta ndiyo yalikuwa hayafai!

Wakakumbatiana wakicheka kwa machozi, na kahawa ya Mama Karai ikamwagikia fomu, ikaungana na lile dirisha la mafuta. Profesa alisema hakuna neno, nakala anayo.

Honi ikalia. Pikapu ilisimama mbele ya karai lililofunikwa, madumu matupu yakigongana nyuma, yale ya mafuta mapya yamefungwa kamba pembeni. Binti aliyeshuka alikuwa na ovaroli iliyomzidi, suruali ameikunja mara tatu, na kalamu ameichomeka kwenye nywele.

Binti: Shikamooni. Mama, nimekuja kwa lile jibu.

Mama Karai: Jibu lipo kwa wifi yangu. Twende.

Tukaenda wote. Hata mimi niliacha kiatu cha mtu na sindano ndani yake. Nyuma ya nyumba ya Wifi, kweli, pipa lilikuwepo, limefunikwa bati, na juu ya bati kuku ametaga. Pembeni, madumu yamepangwa kama wanafunzi mstarini. Binti aliyahesabu, akarudia.

Binti: Pipa la lita mia mbili na madumu kumi na mawili. Hii ni lita mia mbili na sitini! Mama, mimi huzunguka siku nne kupata kiasi hiki!

Akatoa chupa ya kioo kutoka mfukoni, akachota. Tangi alikuwa amesogea mpaka anamkanyaga.

Tangi: Mwanangu, samahani. Ungeniruhusu niishike mimi?

Binti alimtazama, akampa. Mzee aliiinua ile chupa kwenye jua kwa vidole vitatu. Mkono wake, ambao kikombe cha kahawa hukitikisa, haukutikisika. Aliigeuza taratibu, akasubiri mashapo yatulie, akatazama chini ya chupa kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kuku naye alikuwa anangoja.

Tangi: Machafu, ndiyo. Meusi, ndiyo. Lakini maji hakuna. Hata tone.

Mama Karai: Si nilikwambia nayachuja mara mbili!

Tulishangilia mpaka majirani wakatoka. Kulipakia pipa ilikuwa kazi ya watu sita na ushauri wa watu ishirini; Dili, ambaye sijawahi kumwona akinyanyua kitu kizito kuliko simu, aliweka bega na kuapa kwamba lile pipa angeweza kulibeba peke yake kama lingekuwa tupu. Yai alipewa mwenye kuku. Kisha ukaja ugomvi mpya: madumu kumi na matatu ya mafuta mapya ni ya nani?

Mama Karai: Ni yako. Nilishatoa, na nilichotoa hakirudi.

Wifi: Ni yako, yametoka kwenye karai lako.

Mama Karai: Wifi, pokea. Na safari hii ukipiga goti nitakupiga mimi.

Wifi akapokea amesimama wima, akicheka, dumu jipya la kwanza amelikumbatia. Mama Karai akasaini nakala ya Profesa juu ya boneti la pikapu, kwa herufi kubwa kama anaandika tangazo. Wakaangaji wengine waliokuwa wanachungulia wakapanga foleni nyuma yake.

Tuliporudi kwenye benchi tulikuwa kama tumeshinda kombe. Wifi na Mama Karai wakakaa katikati. Binti akaketi juu ya dumu tupu, akapewa kahawa.

Dili: Mzee Tangi, lita mia mbili na sitini! Ndege itafika wapi nazo?

Tangi alifumba macho akahesabu. Alitamani sana kusema mbali, ilionekana.

Tangi: Kiwandani zitapungua kidogo. Tuseme zibaki zote. Wakati wa kupaa ndege kubwa inakunywa vibaya sana. Itakuwa... nusu dakika.

Mama Karai: Nusu dakika? Mwaka wangu mzima wa viazi?

Tangi: Nusu dakika, mama.

Tulipoa kidogo. Binti alitikisa kichwa.

Binti: Ndivyo ilivyo. Kiwandani hutuambia, mafuta ya aina hii yote duniani bado ni tone kwenye ndoo. Makarai peke yake hayatatosha kamwe. Lazima na hayo mengine: mabua, takataka, na yale ya kutengeneza kwa moshi.

Profesa alisimama taratibu, akatuangalia mmoja mmoja. Alikaa. Nadhani ilikuwa siku nzuri kuliko zote za maisha yake.

Wifi: Lakini nusu dakika ipi, mzee?

Tangi: Ipi tena? Ile ya kwanza. Toka inapoanza kukimbia mpaka magurudumu yanaacha lami.

Birika: Yaani ile ya kuinuka yenyewe?

Tangi: Ile yenyewe.

Mama Karai: Basi kuinuka ni kwetu! Huko mbele wakaange wengine!

Furaha ikarudi, tena maradufu. Dili alitangaza kwamba kila ndege itakayopaa iombe ruhusa benchi hili. Birika akasema abiria wapige makofi kwa Mama Karai kabla ya kufunga mikanda. Tangi akaeleza jinsi rubani anavyosukuma nguvu mpaka mwisho, Profesa akaongeza habari za mabawa na upepo, Wifi akauliza kama watu hupiga kelele, akajibiwa na watatu kwa pamoja kwamba hawapigi. Binti alikuwa anawasikiliza, macho yanang'aa, kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Binti: Wazee wangu, mnavyoijua ndege! Mimi huwa naishia getini na madumu yangu. Hebu niambieni kitu kimoja. Pale inapoacha ardhi, mtu aliye ndani anasikiaje?

Profesa alitazama karatasi yake, mbele na nyuma. Dili alifungua mdomo, akajikohoza. Wifi na Mama Karai wakamgeukia Tangi, na sote tukamgeukia Tangi, mwenye miaka yake thelathini na mmoja.

Mzee alivua kofia, akaikunja juu ya goti.

Tangi: Kwa nje... joto linakupiga miguuni. Halafu kivuli chake kinakuacha.

Binti: Na kwa ndani?

Tangi akaninyanyulia macho mimi. Mimi, ninayezijua ndege kwa matumbo yake tu, nikashusha yangu kwenye kikombe.

– Kahawa imekwisha, jamani, alisema Birika, akainuka haraka kuondoka, na alipolinyanyua birika sote tulisikia kahawa ikicheza ndani.